MBEGU ZA WAZEE WETU SI MAGENDO



Kila mwaka mvua zinapokaribia, mwezi wa Oktoba na Novemba, minada ya Mkoa wetu wa Singida huwa na biashara moja isiyo na jina. Mama huketi chini ya mti, ungo uko mbele yake. Ndani ya ungo mna mtama mwekundu uliochambuliwa punje kwa punje, hauna kapi, hauna hata punje moja iliyotobolewa na dudu. Mnunuzi huja akauliza, “Mama, hii ni mbegu?” Mama hutazama huku na huku, kisha hujibu, “Hapana mwanangu, ni chakula.” Mnunuzi hulipa, hupimiwa bakuli mbili, huzifunga katika kitambaa kwa uangalifu kama mtu afungaye dawa, akaenda zake. Hakuna nyumba katika Singida inayopika bakuli mbili za mtama wa namna hiyo. Wote wawili wajua kuwa ni mbegu. Bwana Shamba akipita naye ajua, lakini hugeuza uso upande mwingine, maana mama yake mzazi hupanda mbegu hiyo hiyo.

Sisi tufanyao kazi ya Chama vijijini tumekwisha kuyaona hayo mara nyingi. Hatuoni jema lolote katika desturi ya kumfanya mkulima mwaminifu aseme uongo juu ya kitu alichokilima kwa mikono yake.

Chanzo chake ni hiki. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mbegu mwaka 2003, likairekebisha mwaka 2014 na kuongeza ukali wa adhabu. Chini ya sheria hiyo, Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, yaani TOSCI, ambayo makao yake ni Morogoro, ndiyo inayokagua mashamba ya mbegu, kupima mbegu katika maabara na kutoa lebo. Atakaye kuuza mbegu sharti awe ameandikishwa, na mbegu yenyewe sharti iwe ya aina iliyotambuliwa na Serikali. Mbegu isiyo katika orodha hiyo, hata kama imelimwa Iramba tangu babu wa babu zetu, haina ruhusa ya kuuzwa kwa jina la mbegu.

Wapo wanaosema kuwa sheria hiyo inamkataza mkulima kupanda mbegu aliyoitoa katika kihenge chake. Huko ni kupotosha, nasi hatupendi kupotosha. Mkulima anayepanda mbegu ya nyumbani kwake havunji sheria. Taabu yote imo katika neno moja, nalo ni kuuza.

Tena hatusemi kuwa sheria ililetwa kwa nia mbaya. Wafanyabiashara wa mbegu bandia tunawajua. Mtu huchukua mahindi ya chakula, akayapaka rangi ya dawa, akayatia katika mifuko yenye picha nzuri, akamwuzia mkulima kwa bei ya mbegu bora. Mkulima hungoja shamba lisiloota, na msimu wa Singida ni mmoja tu, hauna wa pili. Mnyonyaji wa namna hiyo mahali pake ni gerezani, na TOSCI ikimkamata sisi tutakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini mwizi huyo na mama wa ungo si watu wa namna moja. Mmoja anasema uongo ili auze kitu kisicho mbegu, na mwingine ana mbegu ya kweli, naye analazimishwa kuikana.

Sasa watu watauliza: kwa nini mama huyo asiipeleke mbegu yake ikaandikishwa? Hapa ndipo penye kiini, na twaomba wasomaji watuvumilie kidogo.

Ili aina ya mbegu iandikwe, hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, iwe tofauti na aina nyingine zinazojulikana. Pili, mimea yake ifanane. Tatu, idumu vile vile mwaka hata mwaka. Kipimo hicho kinaifaa kazi ya mtaalamu aliyeitengeneza mbegu mpya katika kituo cha utafiti. Lakini ingia katika shamba la mtama wa kienyeji, uwe ni ule wazee wa mikoa ya kati wauitao lugugu, au langalanga, au udo. Utaona shuke moja limeinama, jingine limesimama. Hili limekwisha kukomaa, na lile la jirani yake ndiyo kwanza lachanua. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mpimaji wa kufanana akitazama shamba hilo atatikisa kichwa na kuandika kwamba halifai.

Wazee wetu wangetikisa kichwa kwa sababu nyingine. Mvua ya Singida ni milimita 500 hadi 800 hivi kwa mwaka, nayo ina tabia ya kukatika katikati ya msimu, mara nyingi mwezi wa Februari. Shamba ambalo mimea yote huchanua wiki moja, jua likija wiki hiyo, limekwisha. Shamba la mimea inayopishana, jua likiua waliotangulia, waliochelewa hupona. Watu hawatajaza vihenge, ni kweli, lakini hawatakula mizizi ya porini. Kutofanana huko ndiko kunakotulisha mwaka mbaya, na ndiko sheria inakokuhesabu kuwa kasoro. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa chuoni kwamba darasa lina watoto wa kila namna, na mwalimu anayetaka wote wawe wa kimo kimoja hajui kazi yake. Sijui kwa nini mtama usipewe heshima hiyo.

Na si mvua tu. Mtama mwekundu una uchachu ambao ndege wa kwelea kwelea hawaupendi sana. Mtama mweupe laini ndege huula wote ukiwa bado na maziwa, na mkulima asiye na watoto wa kulinda shamba huvuna mabua. Punje ngumu za kienyeji hukaa ghalani pasipo dawa muda mrefu kuliko punje laini. Yuko mkulima anayepanda mtama mweupe kwa ajili ya kuuza na mwekundu kwa ajili ya kula, na kando ya tembe lake ameweka uwele, kunde na njugu mawe kwa ajili ya siku asiyoijua. Huyo si mjinga wala si mtu wa kizamani. Amefanya hesabu.

Tusieleweke vibaya. Mbegu za watafiti wetu zimeleta faida, na asemaye vingine ni mwongo. Mtama wa Macia huwahi kukomaa. Hakika na Wahi zilitolewa kwa kupambana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama hadi shamba zima likawa njano. Uwele wa Okoa na Shibe umefika mashamba mengi ya kanda ya kati. Hata alizeti ya Rekodi, ambayo leo mtu wa Singida huisema kana kwamba ilizaliwa Ikungi, ilitoka nje, ikapandwa, ikahifadhiwa, ikawa yetu. Ugomvi wetu si wa mbegu mpya na mbegu ya zamani. Watafiti wenyewe watakuambia kwamba hawaumbi kitu kutoka hewani. Damu ya ukinzani, ya kuvumilia ukame, ya kuwahi, wameitafuta katika mbegu zilizolimwa na watu wasiojulikana majina. Mbegu za kienyeji zikifa, mtafiti wa kesho hana pa kuchota.

Nazo zinakufa. Zilianza kufa siku nyingi. Mwaka 1947 wakoloni wa Kiingereza walikuja Kongwa, jirani zetu hapo Dodoma, na matrekta yao, wakafyeka pori ili walime karanga za kulisha viwanda vyao. Hawakumwuliza Mgogo hata mmoja juu ya udongo ule wala mvua ile. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, mamilioni ya pauni yamezama. Sisi tulipojitawala, tuliwacheka, na tulikuwa na haki ya kuwacheka. Lakini katika miaka ya sabini, baada ya njaa ya 1973 hadi 1975, nasi tukausukuma mpango wa mahindi katika nchi nzima, hata katika ardhi ambayo mtama na uwele ndio wenyeji wake. Mahindi yalipata bei, mbegu, mbolea na Bwana Shamba wa kuyasemea. Mtama ukaonekana chakula cha maskini. Kijana akiuliza mbegu ya lugugu huchekwa, asipouliza mbegu hufa katika kilindo pamoja na mwenyewe.

Katika jambo hilo sisi wa Chama tumo katika lawama, na tangu Mwalimu alipotuandikia Tujisahihishe mwaka 1962 hatuna ruhusa ya kuficha makosa yetu. Tulipita vijijini na mifuko ya mbegu za duka, tukapanda juu ya meza, tukawaambia akina mama watupe mbegu za kizamani. Tulipigiwa makofi. Akina mama wengine walitutii. Msimu huo mvua ilikatika kabla ya mahindi kutoa ndevu, na msimu uliofuata tulirudi katika vijiji vile vile kutafuta mtu mwenye mbegu ya mtama. Tulimkuta mwanamke mmoja mzee ambaye siku ya mkutano alikaa nyuma kabisa wala hakupiga makofi. Mbegu yake ilikuwa imening’inia juu ya meko, masuke yamekuwa meusi kwa moshi. Hakutusuta. Alituuliza tu kama safari hii tumekuja na meza.

Kwa hiyo tunapoandika juu ya mama wa ungo hatuandiki kama watu wanaomhurumia kutoka mbali.

Wako wazee wanaopinga habari yote hii ya kuuza. Husema kwamba zamani mbegu haikuuzwa, mtu aliyeishiwa alikwenda kwa jirani na jembe lake, akamlimia siku mbili tatu, akarudi na mbegu. Twawaheshimu, na mahali ambapo desturi hiyo ingali hai sheria yoyote isiiguse. Lakini nchi imebadilika. Yuko kijana aliyehamia Itigi ambako hana shangazi. Yuko mjane ambaye watoto walikula mbegu mwezi wa Januari kwa sababu hapakuwa na kingine. Iko familia ambayo tembe lao liliungua. Hao watanunua, tupende tusipende. Na yule aliyechambua, akafukiza moshi, akatia majivu, akalinda panya miezi sita, ana haki ya kulipwa kwa kazi yake kama mfanyakazi mwingine. Kazi ya kuhifadhi mbegu katika nchi hii hufanywa zaidi na wanawake, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kuilipa.

Upande wa pili wa mizani tazameni kilichofanyika. Mwaka 2012 tulitunga sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 nchi yetu ikajiunga na UPOV, umoja wa mataifa unaolinda wagunduzi hao. Mwenye kampuni akitoa mbegu mpya, haki yake imeandikwa na dunia inaitambua. Bibi wa Mkalama aliyeitunza mbegu miaka hamsini, haki yake imeandikwa wapi? Imeandikwa, ila huko mbali. Mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea kwa chakula na kilimo, ambao Tanzania ni mwanachama wake, una kifungu kizima cha haki za wakulima. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018 juu ya haki za wakulima wadogo limetaja haki ya kuhifadhi, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu zao. Maneno mazuri, lakini mnadani hayajafika.

Mbegu isiyoandikwa na mwenyewe huandikwa na mwingine. Wahabeshi wanaijua tefu kuliko mtu yeyote duniani, lakini mwaka 2007 kampuni moja ya Uholanzi ilipewa hati ya kumiliki unga wa tefu huko Ulaya. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi mahakama ya huko huko Uholanzi ikasema hati hiyo haina nguvu. Huo ndio ukoloni mamboleo, nao hauji na bunduki. Unakuja na fomu iliyojazwa vizuri.

Basi wengine wamefanyaje? Brazil ilitunga sheria yake ya mbegu mwaka ule ule wa 2003 tuliotunga sisi. Lakini wao walisema waziwazi kwamba mbegu za kienyeji zinazotumiwa na wakulima wadogo hazilazimiki kuingia katika orodha ya taifa, na wakulima hao wanaweza kugawana, kubadilishana na kuuziana wao kwa wao. Ulaya, ambako ndiko kipimo hiki cha kufanana kilikotoka, mwaka 2008 ilifungua mlango kwa aina za kienyeji zilizo katika hatari ya kupotea, ziuzwe katika sehemu zilikotoka kwa masharti mepesi. Na majirani zetu wa Kenya, wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vilivyowafanya wahalifu kwa kugawana na kubadilishana mbegu vinapingana na Katiba. Wakulima wa Kenya walilazimika kuishitaki Serikali yao. Sisi tuna Chama na tuna matawi hadi kitongojini. Hatuoni sababu ya mkulima wetu kufika kwa hakimu kabla ya kufika kwetu.

Twataka nini? Hatutaki soko la holela. Auzaye mbegu ya kienyeji akaguliwe, lakini kwa maswali yanayoihusu. Je, inaota? Je, ina ugonjwa, wadudu, au mbegu za magugu? Je, ni ile anayosema kuwa ni yenyewe, na imetoka wapi? Hayo hayahitaji maabara ya Morogoro kwa kila bakuli. Hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa kibichi, siku ya saba hesabu zilizoota. Mtoto wa darasa la tano aweza kufanya hivyo, na shule ya kijiji ikifanya kila mwaka watoto watajifunza hesabu na kilimo kwa mara moja. Mfuko uandikwe jina la mbegu, kijiji, mwenye kuilima na mwaka wa mavuno. Daftari liwe la kijiji, nakala iende wilayani. Akidanganya, wanakijiji wanamjua.

Njia ya karibu na hiyo tunayo tayari. Ni mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo wakulima wadogo huzalisha na kuuza karibu na kwao kwa ukaguzi mwepesi. Lakini imewekwa kwa aina zilizokwisha kusajiliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipoutengeneza upya mwongozo wake wa mbegu za namna hiyo mwaka 2006, lilitia ndani na aina za kienyeji. Nasi tufanye hivyo. Pia mpaka wa kuuzia usifuate mipaka ya utawala bila kufikiri. Mkulima wa Mkalama ana jua moja na mtu wa Meatu na Hanang kuliko na mtu wa Itigi, na Manyoni na Bahi mvua yao ni ile ile.

Pingili za mihogo na marando ya viazi tunaziweka kando. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili, na mtu mmoja mwenye baiskeli aweza kuangamiza tarafa. Hapo ukali wa sheria ubaki palepale.

Makampuni yatalalamika kwamba soko lao linaingiliwa. Lini mwananchi amekwenda dukani Kiomboi akakuta pakiti ya njugu mawe?

Hayo yatakwenda kwa Wabunge wetu na kwa Wizara ya Kilimo. Lakini liko ambalo halingoji Bunge. Twawaomba makatibu wa matawi yote ya Mkoa, kabla ya mvua za mwaka huu, wakae na wazee, hasa akina mama, waandike jina la kila mbegu inayokumbukwa katika tawi, na nani bado anayo. Mahali ambapo jina lipo na mbegu haipo, waandike hivyo hivyo. Huenda ikapatikana katika benki ya taifa ya mbegu iliyoko Arusha, na kama imo, iombwe irudi shambani, maana iliondoka hapa.

Katika tawi letu tumeanza. Iko aina moja ya mtama ambayo tumeikuta kwa bibi mmoja tu, katika kilindo kimoja, naye hana mtoto wa kumwachia. Tulimwomba bakuli moja. Alituambia hagawi bure kwa watu wa mikutano, atatuuzia. Tumekubali bei yake, na katika daftari la tawi tumeandika kwamba tulichonunua ni mbegu.